Hita ya Bi Chumu

Hita? Pemba hii?
Massoud alicheka mpaka spana ikamponyoka,
ikamwangukia kidole cha mguu, akanyamaza.
Bi Chumu Shaame hakucheka.
Alisimama mlangoni mwa gereji yetu, Limbani,
buibui limelowa hadi magotini,
ufunguo mkononi kama mtu aliyekuja kushitaki.

"Saa kumi alfajiri," akasema, "na masika haya,
mikate mia tatu nyuma chini ya turubai,
kioo kinashika ukungu kwa ndani.
Nafuta kwa kanga, kinashika.
Nafuta kwa kiganja, kinashika.
Jana njia ya Konde nimemwona mbuzi
wakati mbuzi kesha kuniona zamani.
Hita yenyewe inapumua kama mgonjwa.
Nitazamieni."

Nikatazama.
Pikapu ya zamani, umri wake na wangu ni mmoja,
mlangoni bado maandishi ya Kijapani
ya duka la samaki, au la maua, nani ajuaye;
imezaliwa kwenye theluji,
ikaja kuzeekea kwenye chumvi.

Nikaanza na maji. Mwenye pupa huanza na nyundo.
Rejeta imejaa. Nikaipandisha pua juu ya matofali,
kifuniko wazi, injini inanguruma,
povu likatoka, bwi, bwi,
hewa iliyokwama ikaenda zake.
Hita: vuguvugu.

Nikaing'oa themostati, nikaitumbukiza
katika sufuria ya chai ya Massoud.
Ikakaa. Ikakaa.
Chai ilipoanza kucheza ikafumbua jicho lake la shaba.
Nzima.
Chai tukaimwaga, na Massoud hakunisamehe hadi adhuhuri.

Nikashika mipira miwili inayopita kwenda ndani:
mmoja unaunguza,
wa pili kama mkono wa mtu
anayekusalimu huku anatazama pengine.
Hapa, nikasema, ndipo penye maneno.
Tukasukuma maji, ikatoka kutu rangi ya tangawizi,
likatoka tope, yakatoka maji meupe.
Hita: vuguvugu.

Basi nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje mvuani, tochi mdomoni,
nikaiona valvu: imefungwa, si yote, karibu yote,
na kishikio chake kimekazwa kwa uzi wa kushonea magunia,
mizunguko saba, na fundo
ambalo sijapata kuliona kwa fundi yeyote.

"Bi Chumu, njoo uone. Nani kafanya ujinga huu?"

Akainama. Akaichukua tochi.
Mvua ikapiga bati muda mrefu.
"Asaa," akasema.

Kisha, akiwa bado ameinama:
"Akisema nchi ya moto haihitaji kuchoma dizeli kwa joto.
Mimi nikisema miguu yangu, Asaa, alfajiri miguu yangu.
Tuligombana. Siku ya pili pakawa na joto kidogo chini,
nikajua nimeshinda.
Kumbe kaniachia upenyo."

Nikatoa kisu.
"Usikate. Fungua."
Nusu saa, kwa msumari na kwa meno,
fundo la mtu aliyelala makaburini mwaka wa tatu
lilikuwa gumu kuliko boliti zote za gari lile.
Uzi akauzungusha kwenye ufunguo wake.

Tukawasha. Kioo kikaanza kufunguka kwenye kona,
pa ukubwa wa kisahani,
halafu sinia,
halafu barabara nzima na mwanafunzi anavuka na jani la mgomba kichwani.
"Loo," akasema Massoud, mkono kwenye tundu la hewa,
na hakuutoa.

Alilipa elfu kumi na tano na mikate miwili.

Juma lililofuata akaja kubadilisha oili.
Alipokwenda dukani nikachungulia chini ya dashibodi,
maana kishikio kile kimelegea, barabara ya Konde hukitikisa.
Uzi uko pale pale, mizunguko saba.
Fundo ni la mkono mwingine, halina ufundi.
Limeishika valvu wazi.